Mpini wa Mtu Mwingine

Wiki iliyopita walikuja wasichana wawili na mvulana mmoja kutoka shule ya ufundi, wamevaa ovaroli safi kama za kwenda kanisani. Walikuwa na karatasi iliyopigwa taipu: vifaa ishirini na vitatu vya kuanzia kazi ya ngozi. Wakaniuliza kwa adabu, wakiniita bibi kwa Kikuyu, "Cucu, tununue kipi kwanza?"

Niliisoma ile karatasi polepole, maana mimi shule niliishia darasa la tatu na herufi ndogo zinanisumbua. Kisha nikaikunja mara nne nikaiweka chini ya mguu wa meza, ambao ulikuwa ukicheza tangu Krismasi. Yule msichana mrefu akasema mwalimu ataiuliza. Nikamwambia mwalimu aje aichukue mwenyewe, anishikilie meza.

Niliwaambia mengi siku ile, na moja sikuwaambia, kwa sababu walikuwa na haraka na jambo lenyewe halifai kusemwa kwa mtu anayetazama mlango. Sasa nimekaa, nimeandika yote. Msome mkiwa mmekaa pia.

Kisu kwanza. Kiwe kifupi, na kiwe kile ambacho wewe mwenyewe unaweza kukinoa. Kisu kinachong'aa dukani kinang'aa kwa sababu hakijafanya kazi. Mimi ngozi yangu ya kwanza niliikata na kisu cha jikoni cha mama mkwe, na Mzee Shomari, fundi aliyenifundisha, alipoiona akaniuliza, "Mama, hii umeikata au umeitafuna?" Nilikuwa kama nimeitafuna. Kisu kinolewe kwenye jiwe, halafu kipigwe kwenye mkanda wa ngozi uliopakwa majivu, huku na huku, mpaka kinyoe nywele za mkono. Kama hakinyoi nywele zako, hakitakata ngozi ya mbuzi. Kitaivuta tu.

Sindano mbili, wala zisiwe na ncha kali. Mtu akisikia hivyo anacheka. Lakini tundu linatobolewa na kifaa kingine. Sindano kazi yake ni kupita tu, na ikiwa kali itachoma uzi wa mwenzake njiani. Uzi usizidi pima moja. Uvute kwenye nta mara tatu mpaka ulie. Uzi ambao haujalia utaoza mvua ya kwanza.

Nyundo ya chuma mwachieni seremala. Kata rungu dogo la mutamaiyu, ule mzeituni wa mwituni, likauke nyuma ya jiko mwezi mzima. Tafuta mfupa wa mguu wa mbuzi, uusugue kwenye jiwe hadi uwe laini. Huo ndio wa kulainisha kingo. Na msinunue ile mashine ya meno ya kupimia mishono. Chukueni uma wa kulia chakula. Meno yake yana nafasi sawa, unaukandamiza kwenye ngozi, unapata alama nne, unaweka jino moja kwenye alama ya mwisho, unaendelea. Uma wangu wa kwanza niliutoa kwa hoteli moja ya chai hapa Nyeri bila kumwambia mtu. Miaka mingi baadaye mwenye hoteli alinunua kwangu mkoba ulioshonwa kwa uma wake, akausifu mishono. Nilimshukuru.

Kufikia hapo wale watoto walikuwa wanaandika kwa furaha, maana hivyo vyote viko nyumbani kwao. Kisha yule mvulana akauliza, "Na ya kutobolea, Cucu? Baba ya rafiki yangu alikuwa fundi wa viatu, amekufa. Naweza kupata yake."

Nikamwambia, "Chukua chuma. Mpini acha."

"Kwa nini?"

Nikawapa chai.

Kile chuma cha kutobolea, chembamba, chenye ncha kama ya mwiba na mpini wa mti, Mzee Shomari alikiita msharasi. Yeye alizaliwa Majengo, karibu na msikiti, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko chetu. Alishona viatu, ala za visu, mishipi na ngozi za ngoma. Mimi nilikuwa mjane wa miaka ishirini na kitu, nina mtoto mmoja mgongoni, na kazi yangu ilikuwa kukwangua ngozi mbichi kwa mfanyabiashara mmoja mtaani humo. Nilikuwa ninampelekea Shomari ngozi, nikawa ninakaa kumtazama, nikawa sitoki. Siku moja alinirushia vipande na kusema, "Kama umekuja kutazama, tazama kwa mikono." Hivyo ndivyo nilivyoanza. Uhuru ulikuwa bado mpya. Watu walikuwa wanajaribu kila kitu.

Alinipa kazi lakini hakunipa vifaa. Alisema fundi anayeazimwa vifaa habaki fundi. Basi nikaenda Karatina siku ya soko.

Ilikuwa ile baridi ya Julai, ukungu umeshuka mpaka unasikia watu kabla hujawaona. Kulikuwa na mzee wa kofia ya manyoya aliyetandaza gunia chini na kuuza mabaki: kufuli zisizo na funguo, miwani ya kioo kimoja, viatu vya mguu mmoja mmoja, vijiko. Katikati ya hivyo kulikuwa na mkebe wa biskuti, kwenye kifuniko picha ya farasi iliyokwanguka. Ndani yake mlikuwa na kisu chenye kutu, donge la nta, na msharasi. Nilikuwa na kuku wa kuuza. Nikampa kuku, akanipa mkebe, na kuku akalia kama anayejua bei.

Sikuuliza ni vya nani.

Nataka mjue hilo lilikuwa kosa, na kosa langu lenyewe. Mama yangu hangegusa hata kijiko cha mtu kabla ya kujua mwenyewe yuko wapi, na kama amekufa, kabla ya wazee kusema. Nilijua. Lakini sisi vijana wa wakati ule tulikuwa tunasema hayo ni mambo ya zamani, tukitikisa mkono hivi.

Mzee Shomari alifungua mkebe pale mezani. Kisu akakitazama, akasema kitanoleka. Donge la nta akalipeleka kwenye mwanga wa mlango. Upande mmoja lilikuwa na alama ya kidole gumba, imezama, mistari yote ya ngozi inaonekana. Akaliweka chini taratibu. Kisha akashika msharasi, akauweka kiganjani, akautoa, akauhamishia mkono wa kushoto.

"Huyu mtu alikuwa mashoto," akasema. "Na ameushika miaka mingi. Tazama mti ulivyolika."

Mpini ulikuwa mweusi, unang'aa, na upande mmoja ulikuwa na shimo la kidole gumba kama kijiko.

"Mama, toa mpini huu. Uchome moto. Chonga wako."

"Lakini ni mzuri, mzee."

"Ni mzuri kwa mwenyewe."

"Huo ni ushirikina."

"Ni kazi," akasema. "Mkono wako bado hauna tabia. Utakopa ya huyu."

Sikuutoa. Kuchonga mpini ni kazi ya siku nzima, na mimi nilikuwa na haraka kama nyinyi.

Nikashona. Na mishono ikawa mizuri. Kabla ya hapo ilikuwa inayumba kama mlevi anayerudi Ruring'u; sasa ikakaa midogo, imebana, yote imelala upande mmoja. Nilijisifu. Nilifikiri ni mimi.

Ulipita mwezi mmoja, wa pili ukaanza. Asubuhi moja Shomari alikuwa anakunywa chai yake, akaweka kikombe chini, akasema, "Tangu lini wewe ni mashoto?"

Nikatazama. Msharasi ulikuwa katika mkono wangu wa kushoto. Mimi ninakula kwa kulia, ninakata kuni kwa kulia, nilipokuwa shule niliandika kwa kulia. Sikumbuki siku nilipouhamisha. Nilijaribu kukumbuka pale pale, nikashindwa.

Akavuta ule mkanda niliokuwa ninaumalizia. "Mishono yako imeegemea kushoto. Yangu inaegemea kulia. Na hapa mwisho, hii nini?"

Mwisho wa mshono palikuwa na vijishono vitatu vimetawanyika kutoka tundu moja, kama mguu wa kuku uliokanyaga tope.

"Ni kumalizia," nikasema.

"Nani kakufundisha?"

"Wewe."

"Mimi ninarudi nyuma mishono miwili, ninakata. Miaka arobaini nimefanya hivyo." Akausukuma ule mkanda kwa ncha ya mkasi, hakuugusa tena kwa mkono. Kisha akabeba stuli yake, akahamia upande wa pili wa meza, mahali ambapo mwanga ni mbaya, na hakurudi upande wangu mpaka mambo yalipokwisha.

Nilirudisha msharasi mkono wa kulia. Nikashona hatua kumi nikisema moyoni, kulia, kulia. Nikaanza kufikiria mtoto alivyokohoa usiku uliopita, na nilipotazama tena, ulikuwa kushoto.

Mtaniuliza kwa nini sikuacha. Kwa sababu vitu vilikuwa vinauzika. Hilo ndilo jibu, na si zuri.

Lakini kulikuwa na shida moja: mwanamke kuuza ngozi. Siku hizo nikibeba mishipi kwenda soko la Othaya, wanaume walikuwa wakiivuta, wanaipenda, kisha wanauliza nani ameshona. Nikisema ni mimi, wanairudisha. Mmoja aliniambia, "Mshipi wa mama? Huo utaniachia suruali mbele ya askofu." Watu wote wakacheka. Basi nikaanza kusema, "Fundi yuko Majengo. Mimi ninauza tu." Wakanunua.

Uongo ukishauanza unataka kulishwa. Walikuwa wanauliza, mbona huyo fundi haji? Nikasema anaumwa miguu. Mbona hatujamwona mjini? Nikasema hapendi kuonekana, hukaa ndani na kazi yake. Nikampa kikohozi. Nikasema ni mtu wa maneno machache, na chai hunywa bila maziwa. Sijui hayo ya chai niliyatoa wapi. Yalinijia tu mdomoni, na yalinijia kama kitu ninachokijua.

Sasa hapo ndipo alipokuja Mama Wangui.

Alikuwa mwanamke mwembamba, kitambaa cheupe kichwani, kiondo begani, na harufu ya majani chai imesalia kwenye vidole vyake. Alipita kwenye mishipi yangu bila kutazama, akashika mkoba wa shule wa mtoto, akiusogeza ili mtu apite. Dole gumba lake likaangukia mwisho wa mshono. Akasimama. Akaupapasa huku macho yake yanatazama mbali, kule vilimani. Kisha akageuza mkoba, akaona ule mguu wa kuku.

"Nani ameshona hii?"

Nikajibu nilivyozoea. "Fundi yuko Majengo."

"Fundi gani?"

"Ni mzee wa kimya. Anaumwa miguu, hatoki."

"Anatumia mkono gani?"

Ningeweza kusema kulia. Mpaka leo ninajiuliza. Nikasema, "Kushoto."

Akanitazama uso mzima. Hakupaza sauti. "Chai anakunywaje?"

Ni mama muuza viazi aliyekuwa kando yangu, aliyenisikia wiki zote hizo, ndiye aliyejibu kwa niaba yangu, akicheka: "Huyo hataki maziwa, amezoea ya rangi kama ya mfungwa."

"Maziwa yanamsumbua tumbo," akasema Mama Wangui. Akauweka mkoba chini kama mtu anayelaza mtoto. "Mwambie nimeona mkono wake. Mwambie Wangui ameshakuwa msichana wa kuolewa. Kama ni aibu, mwambie aibu imekwisha."

Akaondoka. Yule mama wa viazi akaniambia yaliyobaki. Mume wa huyo mwanamke, Gichuru, alikuwa akishona matandiko ya farasi kwenye shamba la mzungu upande wa Kieni. Wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya wazungu ilipokuwa ikifunga watu kambini, alichukuliwa na lori, na hakurudi. Wengine walirudi, yeye hakurudi, na hakuna aliyemwambia mkewe neno. Sasa Wangui alikuwa ameposwa na watu wa Mukurwe-ini. Mbuzi wa mahari walikuwa tayari, lakini nani awapokee? Baba akiwa hai, ni yeye. Akiwa amekufa, ni ndugu yake mdogo. Mama Wangui alikuwa amekataa ndugu asimame, kwa sababu kumsimamisha ni kusema Gichuru amekufa, na yeye hakuwa amemwona amekufa. Siku zile ndipo alipokuwa ameanza kulegea, akubali ndugu asimame. Halafu akashika mkoba wangu.

Nilifunga vitu vyangu soko likiwa bado katikati, nikarudi Majengo. Nilimwambia Shomari yote, hata kikohozi.

"Nenda Karatina," akasema. "Uliza ulichopaswa kuuliza."

Mzee wa kofia ya manyoya alikuwa palepale, na ukungu vilevile. Nilimuuliza mkebe wa farasi aliutoa wapi. Hakutaka kusema. Nikamwambia sitoki mbele ya gunia lake mpaka aseme, na wateja wananiona nimesimama. Mwishowe akasema alinunua vitu vyote kwa mtu aliyekuwa askari jela kwenye kambi moja. Kambi ilipofungwa, stoo ilikuwa na vitu vya watu.

"Wenyewe wakitoka walikuwa wanachukua vyao," akasema. "Vile vya gunia hili ni vile ambavyo havikuchukuliwa."

Nikatazama miwani ya kioo kimoja, na vile viatu. Nilikuwa nimevuka juu yake kufikia mkebe.

Nilipaswa kwenda Othaya siku ile ile kumwambia Mama Wangui. Sikwenda. Niliogopa uso wake. Nikasema nitakwenda siku ya soko, na siku ya soko ikaja nikasema mtoto ni mgonjwa. Kwa hiyo yeye ndiye aliyekuja.

Alikuja Majengo saa nne asubuhi akiuliza nyumba hadi nyumba, na Wangui nyuma yake amebeba kiondo. Alikuwa amejipaka mafuta, amevaa viatu. Mkononi alikuwa na koti la mwanaume, la zamani, limepigwa pasi. Wangui aliniangalia kwa macho ya mtu ambaye hajalala. Baadaye niliambiwa kwamba watu wa Mukurwe-ini walikuwa wameleta mbuzi nyumbani, na Mama Wangui aliwasimamisha langoni akawaambia warudi nao, mwenye msichana yuko hai na atawapokea mwenyewe. Wakasema watangoja mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo wana nyumba nyingine ya kupeleka mbuzi.

Aliingia chumbani. Akatazama meza, stuli mbili, ngozi ukutani, Mzee Shomari. Akatazama pazia la nyuma.

"Ameenda msalani?" akauliza.

Shomari akainuka, akachukua kofia yake, akatoka nje. Sijawahi kumwona akiacha kazi katikati ya mshono isipokuwa siku ile.

"Mama Wangui," nikasema, "hakuna fundi. Ni mimi."

"Usinichezee."

"Sikuchezei. Nilidanganya ili vitu viuzike. Mishono ni yangu."

"Mishono ile ninaijua. Nimelala kando ya mkono ule miaka tisa."

"Kaa nikuonyeshe."

Hakukaa. Nikachukua kipande cha mkanda, nikapiga alama kwa uma, nikatia uzi nta. Nikachukua msharasi kwa mkono wa kulia, kwa makusudi, na nikaanza. Alikuwa anatazama mikono yangu, uso wangu hakuutazama kabisa. Mahali fulani msharasi ulivuka. Nilijua kwa sababu Wangui alivuta pumzi. Nikaacha uende. Ulikuwa unafanya haraka kuliko mimi, unageuka kidogo ukiingia, unageuka ukitoka, na nilipofika mwisho nikaona vidole vyangu vinarudi kwenye tundu moja, mara moja, mara mbili, mara tatu.

Mama Wangui akaweka mkono wake juu ya mkono wangu wa kushoto, akaushika. Aliushika hivyo kwa muda ambao chai ingepoa. Mkono ulikuwa wangu, lakini aliyeshikwa hakuwa mimi, na sote watatu tulilijua hilo.

Kisha akasema, "Ulitoa wapi?"

Nikamwambia. Mkebe, gunia, askari jela, stoo.

"Alisema havikuchukuliwa?"

"Havikuchukuliwa."

"Gichuru hawezi kuacha kisu chake," akasema. Akafikiri. "Basi amekufa." Alisema kama mtu anayesema mvua imeacha. Akamgeukia msichana wake. "Mwambie baba yako mdogo apokee mbuzi."

Wangui akaanza kulia. Mama yake akamwambia alie nje, hapa ni mahali pa kazi ya watu.

Mimi nikachukua rungu la Shomari, nikagonga chuma kitoke kwenye mpini. Kilitoka kwa pigo moja, jambo ambalo si kawaida. Mpini wa miaka mingi unagongwa mpaka mtu anatokwa na jasho. Nikampa mpini. Akatia dole gumba lake kwenye lile shimo, likapotea humo, maana lake lilikuwa dogo. Nikampa na nta. Upande wenye alama sikuwa nimeugusa. Nilikuwa nimetumia upande wa pili tu, sijui kwa nini. Akavifunga vyote ndani ya koti, akakunja mikono ya koti juu, akakumbatia.

Nikamnyooshea chuma na kisu. Kisu akachukua. Chuma akakataa.

"Hicho ni cha kazi. Kaa nacho," akasema. Mlangoni akageuka. "Na uache kusema uongo sokoni."

Mpini ule waliuzika nyumbani kwao, ndani ya koti, na mchungaji akaombea bila kuuliza maswali mengi. Mbuzi wakapokelewa na ndugu mdogo kabla ya mwezi kuisha. Wangui aliolewa Mukurwe-ini na bado yuko huko.

Mimi nikachonga mpini wangu wa mutamaiyu. Wa kwanza ulipasuka, wa pili ulinitoa malengelenge, wa tatu ndio huu ninao mpaka leo. Na hiyo ndiyo njia ya kuuchonga, andikeni: mti ukauke kwanza, uchonge mnene kuliko unavyodhani, ushike siku tatu, uchonge tena pale unapouma. Usipige msasa mpaka ung'ae. Mkono wako ndio utakaoung'arisha. Nilipoutia chuma, msharasi ukakaa mkono wa kulia na haukuvuka tena. Mishono ikaegemea kulia. Ikawa mibaya kwa miezi mitatu, ikayumba, nikafurahi sana kuiona ikiyumba. Sokoni nikawa ninasema, "Nimeshona mimi." Wakacheka. Suruali hazikuanguka, wakaacha kucheka.

Shomari akarudisha stuli yake upande wa mwanga. Akachukua kazi yangu, akaitazama mwanzo mpaka mwisho, na pale mwisho akanionyesha kwa kidole.

Mguu wa kuku ulikuwa pale.

Nilijaribu kuuacha. Nilirudi nyuma mishono miwili kama Shomari alivyofundisha, nikakata, na nilipogeuza ngozi vilikuwa vitatu. Mimi ni Mkristo, ninakaa kiti cha tatu kutoka mbele, na sisemi ni nini. Ninasema nilichoona.

Na Mama Wangui akawa anakuja. Kila siku ya soko Othaya, mwaka baada ya mwaka, hata nilipohamia kibanda changu mwenyewe, alikuwa anakuja asubuhi kabla ya wateja. "Habari, mama." "Nzuri, mama." Anashika kitu kimoja, chochote, anakigeuza, anaweka dole gumba mwisho wa mshono. Anakirudisha. Anaondoka. Hakununua hata siku moja, na mimi sikumwambia anunue. Nywele zake zikawa nyeupe, zangu zikafuata. Siku nyingine alikuwa anasema, "Leo amebana sana." Nami ninajibu, "Ngozi ilikuwa ngumu." Ndiyo mazungumzo yetu yote.

Halafu Alhamisi moja, mchana mweupe, mlima wote umeonekana mpaka theluji, nilimaliza mshipi, nikarudi nyuma mishono miwili, nikakata. Nikageuza. Ilikuwa miwili. Nikachukua kipande kingine, nikashona hatua tano, nikamaliza. Miwili. Nikaweka kazi chini, nikakaa na mikono mapajani, nikamngoja mtu bila kujua ninamngoja nani.

Jumamosi Wangui alikuja, mama mzima sasa, ana wajukuu. Alipofungua mdomo kunipa habari ya msiba wa mama yake, nikamwambia, "Ilikuwa Alhamisi."

"Alhamisi, saa saba," akasema. Hakuniuliza nimejuaje. Alichukua mkoba uliokuwa mezani, akaugeuza, akapapasa mwisho kwa dole gumba, kisha akaurudisha.

Tangu siku hiyo nimejaribu kuushona ule mguu wa kuku kwa makusudi, nikiwa na kipande cha zamani mbele yangu cha kuiga. Ninajua tundu, ninajua uzi unapopita. Unatoka fundo tu, kama fundo la mtu yeyote.

Basi. Yule mvulana aende nyumbani kwa rafiki yake, aombe chuma kwa mjane kwa heshima, na mpini aurudishe mikononi mwa mjane mwenyewe. Mutamaiyu uko nyuma ya nyumba yangu, njooni mkate. Leteni panga lenu.